Ugali wa Kupeleka Kasulu

Juzi jirani yangu alikuwa akibabua majani ya mgomba kwenye jiko la mkaa, na harufu ile ikanirudisha jikoni kwetu Kibondo.

Mama aliyababua vilevile asubuhi ile, akafungia ugali wa muhogo wa baba. Baba alikuwa amelazwa hospitali Kasulu, na tangu zamani hakupenda kabisa ugali uliopoa. Mama akauzungushia kitenge mara mbili, akaupakata kama mtoto mchanga, tukapanda lori la mizigo.

Mvua ilikuwa imenyesha. Njiani lori likakwama kwenye tope jekundu, wanaume wakashuka kusukuma. Tukiwa tumekaa pale, kindege cheupe cha watu waliohudumia wakimbizi kikapita juu yetu, kikielekea huko huko Kasulu.

"Mwana wanje," mama aliniambia, akiniita mwanangu kwa Kiha, macho yakikifuata, "wale hata viti havitapata joto, watakuwa wameshafika."

Sisi tulifika alasiri, miguu imejaa tope. Nesi alitupokea mlangoni mwa wodi, akamshika mama mkono.

"Pole sana, mama. Mzee ametutoka mchana huu."

Mama hakulia. Alikaa kwenye benchi, akafungua kitenge, akafunua majani, akazamisha kidole katikati ya ugali.

"Ndani bado una moto," alisema, kana kwamba kuna mtu amembishia.

Kisha akaufunga upya, taratibu, usije ukapoa.