Duara la Mwisho Ubaoni

Mhandisi huchora maduara yake ubaoni bila kuinua mkono, kila moja hali ya uzi, mojawapo ya zile kazi ndogondogo zinazopokezana ndani ya kompyuta: ulio tayari, unaokimbia, unaosubiri. Akikosea hufuta kwa kiganja, kisha hukipangusa kwenye suruali ileile yenye madoa ya wino. Sauti yake iko chini mno, hata mwenzake wa meza ya pili amezoea kuacha kuandika ili amsikie. Tangu binti yake afariki Jumatatu hajakosa kazini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Alhamisi asubuhi alifika kwenye duara la mwisho, uzi uliokufa.

“Huu tuufute papo hapo,” mwenzake alisema. “Unajaza nafasi bure.”

“Hapana, dada. Uzi umemaliza kazi yake, lakini haufutwi mpaka mzazi wake, ule uliouzaa, aje kuuchukua.”

Kalamu ya mhandisi ikabaki hewani. Mwenzake akasimama, akijutia maneno yake.

“Bado yuko mochari,” mhandisi akasema. “Wanataka sahihi ya baba.” Akachukua koti lake. “Nisindikize, dada yangu. Mara mbili nimefika mlangoni, nikageuka.”