Nyama ya Chokoleti ya Mama Atu

Asubuhi ile niliondoka kwa mjomba, Tandale, bila kujua naenda wapi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tatu, shule nilikuwa nimeshaiacha, na chumba tulicholala kilikuwa kimejaa watoto hadi mlangoni. Nilitembea tu, nikichungulia gereji na mafundi wa kuchomelea, kila penye mlango wazi, mpaka Mikocheni, ambako harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilinisimamisha. Chini ya turubai la bluu, nje ya kiwanda kidogo cha pipi, mama lishe alikuwa anapika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miguu vumbi tupu! Unaenda wapi?"

"Sijui."

Akacheka. "Kama hujui, kaa hapo unimenyee vitunguu saumu."

Aliitwa Mama Atu, mtu wa Kyela, na biashara pale alikuwa ameianza wiki hiyohiyo. Nyama yote ya siku ilikuwa kwenye sufuria moja. Ikiharibika, wafanyakazi wangehamia kwa jirani, naye hakuwa na mtaji wa kuanza upya. Kijana mmoja wa kiwandani alikuwa amemwachia zawadi asubuhi, bila maelezo: pande jeusi ndani ya nailoni, limeshindiliwa kama ukwaju unavyouzwa sokoni. Mama Atu akaona ni ukwaju. Akalitumbukiza lote kwenye mchuzi, akaitupa nailoni karibu yangu. Kwa udadisi wangu nikailamba. Ilikuwa chungu, wala si chachu.

"Mama, huu siyo ukwaju."

Akaonja, akakunja uso. Mchuzi ulikuwa mweusi kama oili chafu. Akaishika sufuria kwa matambara akaumwage, mvuke ukampiga usoni, akasimama palepale. Akanusa tena.

"Hii kakao," akasema taratibu. "Baba alikuwa anaianika uani. Tulikuwa tunalala na harufu hii."

Alikuwa amekulia kati ya mikakao, na chokoleti, kama pande lile la kiwandani lisilotiwa sukari, alikuwa hajaionja hata siku moja.

Akairudisha sufuria jikoni. Akaongeza nyanya, tangawizi, pilipili mbuzi, chumvi, na ukwaju wa kweli. Mimi naonja, nasema bado, yeye anaongeza. Mchana wafanyakazi wakazitazama sahani kwa mashaka.

"Mama, leo umetuungia masizi?"

"Kula kwanza, maneno baadaye."

Wakala. Mmoja akafuta sahani kwa tonge lake la mwisho la ugali, akauliza kama kesho itakuwepo. Mama Atu akanigeukia. "Umesikia? Kesho ipo. Haya, wewe unalala wapi?" Nikamweleza habari za mjomba na chumba kile. Jioni alikwenda kuzungumza na mjomba, aliporudi akanitandikia mkeka chumbani kwake. Nilikaa naye masika yote, na kila nilichojua kuhusu jiko nilikipata pale.

Tangu hapo nimehama mara nyingi, miguu yangu haitulii. Jana nilifika Chanika, nisikomjua mtu. Nimepata chumba, dirisha linatazama mashamba ya mihogo. Kitanda sina bado, lakini ufunguo ni wangu, na chokoleti nyeusi niliyoinunua mwenyewe imeshayeyuka kwenye nyama. Mpangaji wa chumba cha pili, binti aliyehamia juzi, amechungulia.

"Dada, unapika nini hicho cheusi?"

Nimesogeza kigoda, nikampa vitunguu saumu amenye.