Nyayo Nyuma ya Pijo

Nakumbuka asubuhi moja pale Katito, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipojifanya kusukuma gari lililokuwa linanipeleka mimi mwenyewe kuposa. Usicheke kwanza.

Gari lilikuwa la Otieno, mtoto wa baba yangu mkubwa. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukachapwa pamoja. Kisha akawa mwalimu, akanunua Pijo kuukuu, na ghafla wazee wakaanza kumwita Bwana. Mimi nikabaki Odhiambo tu. Nilimwonea wivu mchana na usiku. Hata alipojitolea kutupeleka Pap Onditi kwa kina Akinyi, msichana niliyetaka kumwoa, sikuona wema. Niliona anataka wakwe zangu wamtazame yeye. Hasidi hana sababu, nami sikuwa nayo hata moja.

Jua lilipochomoza nikajitia kumwoshea gari. Nilipomaliza nikavuta swichi ya taa, nikaenda zangu. Juani mwanga hauonekani, na betri ilikuwa nzee. Kufikia saa nne imekwisha kabisa. Nilifikiri tutakwenda kwa miguu, niwe mkubwa wa siku hiyo. Nikasahau kwamba msemaji wetu, baba mdogo Ogola, alikuwa na mguu mbovu. Nikasahau pia kwamba baba yake Akinyi angetungoja mpaka saa sita tu, maana kijana mwingine wa Port Victoria alikuwa ameshabisha hodi.

Otieno akafungua swichi, akatia gia ya pili, akakanyaga klachi, akatoa kichwa dirishani.

"Sukumeni! Ikishika sisimami, itazima tena. Rukieni tu ndani!"

Tulikuwa wanne nyuma. Akaachia klachi, gari likashtuka, likazima. Mara ya pili vilevile. Mikono yangu ilikuwa kwenye buti la gari, na nilikuwa naguna kuliko wote.

Mzee Ogola alikuwa akitufuata na fimbo yake. "Odhiambo, kuja hapa."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Akanionyesha chini. Wenzangu walikuwa wamechimba matope kwa ncha za viatu. Nyayo zangu zilikuwa bapa, za mtu anayetembea sokoni.

"Ng'ombe wa plau akidanganya, mnyororo wake unalegea," akasema polepole. "Wewe umevaa nira na huvuti. Hiyo bibi tunaenda kutafuta ni ya nani? Ni ya Otieno?"

Niliona aibu, mwanangu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Jua lilikuwa limepanda na Akinyi alikuwa ananiponyoka. Tukampandisha mzee, nikasukuma mpaka mshono wa suruali ukaachia. Injini ikashika, tukakimbia, tukarukia ndani.

Tulifika saa sita ikikaribia. Kule ni tambarare, hakuna mteremko wa kuegesha gari liwake likishuka, kwa hiyo Otieno hakuthubutu kuzima. Sisi tukakaribishwa ndani, tukaletewa kuku, yeye akabaki garini injini ikinguruma, mguu kwenye pedeli ya mafuta. Yule niliyeogopa atatazamwa, hakuna aliyemtazama. Nikainuka, nikamtolea sahani yangu.

"Omera, ndugu yangu, hiyo taa niliwasha mimi."

"Najua. Niliikuta swichi imevutwa, nikairudisha."

"Na hukusema?"

"Leo ni siku yako. Ningesema, ungekuja kwa wakwe na uso gani?"

Akala kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kwenye usukani. Mimi nikasimama pale nikilia, nikisingizia moshi.

Sikudanganyi kwamba wivu ulikufa siku ile. Juzi tu jirani alinunua pikipiki, wivu ukanirudia. Lakini nilikwenda nikamsaidia kuiosha, na sikugusa swichi yoyote.

Basi shika neno langu. Ukimwonea mwenzako wivu, kabla hujamzuia, chungulia kwanza uone nani yumo ndani ya gari lake. Huenda ni wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Na ukiitwa kusukuma, sukuma kweli, ama uondoe mikono, kwa sababu ardhi inaona miguu yako. Akinyi ananipikia mpaka leo na habari ya ile taa hajui, nawe usimwambie.

Mungu akupe ndugu wa kukunyooshea mkono gari likiwa mbioni. Na akishakupa, akupe moyo wa kumfurahia.