Bustani ya Mama Mkwe

Siku moja ya mvua naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu.

Ilikuwa zamani za Wadachi, huku Mpwapwa. Nilikuwa mke wa miezi michache tu. Mume wangu, Ndahani, alikuwa amekwenda kufanya kazi ya kujenga reli, nami nikabaki na mama yake katika tembe lao. Nilitaka sana mama huyo anisifu. Nilikuwa wa kwanza kuamka. Nikasaga uwele, nikachota maji, nikapalilia mpaka mgongo ukauma. Kukaa chini niliona aibu. Ndivyo ujana ulivyo, unadhani ukipumzika kidogo tu, dunia nzima itasimama.

Basi, mbele ya mlango mama mkwe alikuwa na kibustani cha maua. Palikuwa na waridi aliyopewa kijiti chake kule misheni, asumini, na maua mekundu ya porini aliyoyachimba mwenyewe mlimani. Kiangazi kizima aliyamwagilia maji ya kuoshea vyombo. Na maji yenyewe, mwanangu, tulikuwa tukiyafukua kwenye mchanga wa mto! Kila alipomimina kata moja, roho iliniuma.

Siku hiyo mvua ilianza asubuhi, ile ya taratibu isiyo na radi. Shamba lilikuwa limekwisha kupandwa. Mama mkwe akaweka kigoda mlangoni, akakaa kuyatazama maua yake yakilowa.

“Mkwe wangu, njoo ukae,” akaniita. “Sikia harufu ya hii asumini.”

“Nina kazi, mama,” nikajibu, nikaendelea kusaga kwa kishindo ili asikie.

Baadaye akajifunika ngozi yake ya ng'ombe, akaenda kumwona jirani aliyejifungua. Nikatoka nje. Nikautazama ule udongo mweusi, wenye samadi, uliolowa vizuri. Nikasema, hapa maboga yangestawi. Nikang'oa. Waridi ilinichoma vidole, nikaing'oa hivyo hivyo. Nikafukia mbegu za maboga, nikanawa mikono, nikamsubiri nikiwa na furaha yangu.

Aliporudi alisimama kwenye mvua. Maua yalikuwa yamelala kwenye tope.

“Ni nani amefanya hivi?”

“Ni mimi, mama. Nimepanda maboga. Tutakula.”

Nilitarajia sifa, na baada ya kuuona uso wake nikatarajia kufukuzwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichuchumaa, akaanza kuyaokota maua, moja moja.

“Kabla ya Ndahani nilizaa mabinti wawili,” akasema. “Nilikuwa kama wewe. Mvua ikinyesha, wao wanacheza uani, wananiita, ‘Mama, njoo uone!’ Nawajibu, nina kazi. Ikaja njaa ile kubwa, ikawachukua wote wawili. Leo nakumbuka kila shamba nililolima miaka ile. Kicheko cha wanangu sikikumbuki.” Akajifuta uso kwa kiganja chenye tope. “Ndiyo maana mvua ikinyesha, mimi nakaa.”

Nikapiga magoti mbele yake. “Nisamehe, mama. Sikujua.”

“Najua hukujua. Shika jembe, binti yangu, udongo bado laini.”

Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Tukapanda upya, mvua ikitupiga mgongoni. Nikateleza nikakaa kwenye tope kwa kishindo, naye akacheka mpaka akajishika mbavu, nami nikacheka machozi yakinitoka. Halafu tukakaa mlangoni na uji wa moto, nguo zikituchuruzika, tukitazama matone yakigonga majani. Sikufanya kazi yoyote tena mchana ule. Na jioni, ajabu, tulikula vilevile.

Waridi haikupona, mizizi niliikata. Asumini na yale ya mlimani yalishika. Maboga nayo yakaota katikati, na mama mkwe akanikataza katakata kuyang'oa. “Hata boga lina ua,” akasema. Ndahani aliporudi alitukuta mlangoni, tumekaa tu, mvua inanyesha. Akauliza kama kuna mgonjwa.

Mwanangu, fanya kazi, wala sikuambii uwe mvivu; nchi yetu hii kavu haimlishi mvivu. Lakini wakikuita wanaokupenda, acha jembe ukae nao. Waangalie, wasikilize wanavyocheka. Na kabla hujang'oa kilicho cha mwenzio, muulize kwanza amekipanda kwa nini. Mimi sikuuliza, na waridi ile sikuweza kuirudisha.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe chakula cha kukutosha, na mlangoni kwako pasikose mtu wa kukaa naye.