Sindano Niliyoikimbia Kabla ya Makka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Ni siku niliyorudi Bunia kutoka hija. Nilikuwa na miaka kama thelathini, mchimba dhahabu, nimevaa kanzu mpya nyeupe, najiona nimeoshwa hata mifupa.

Zaina, mdogo wangu wa mwisho, alisikia pikipiki ikisimama, akatoka mbio uani kwetu mtaani Mudzipela, akiniita yaya, yaani kaka yake mkubwa. "Yaya iko hapa! Yaya anarudi!" Alikuwa na miaka kumi na sita, na sauti ambayo sijui nikueleze vipi. Akiimba huku anafua, wapita njia walipunguza mwendo.

Tulikula sinia moja siku hiyo, tukanywa maji ya Zamzam katika kikombe kimoja. Alikaa ubavuni mwangu akiniuliza habari za Kaaba, nami nikimjibu huku nakohoa. Mafua ya safari, nilisema.

Sasa nikuambie nilichokuwa nimekificha. Kabla ya kuondoka tulitakiwa sote tuchomwe sindano ya kukinga homa ya uti wa mgongo, kwa sababu kule watu wa kila nchi husongamana, hulala hema moja, hukoholeana. Nilisimama kwenye foleni, nikaiona sindano, nikatoka. Ndiyo, mimi niliyezoea kushuka mashimoni niliogopa sindano. Rafiki yangu akaniambia, "Niachie karata yako ya chanjo, nitaigongesha muhuri." Karata ya manjano ikarudi na muhuri wake, mkono wangu haujaguswa. Tulicheka sana. Mbele ya Kaaba niliomba nisamehewe dhambi zote, na hiyo sikukumbuka hata kuitaja.

Siku ya tano baada ya kurudi kwangu, Zaina aliamka na homa, anashika kichwa. Kufikia adhuhuri shingo ilikuwa haikunjiki, na mwanga wa mlangoni ulimfanya alie. Tukamkimbiza hospitali.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa Aveba, mpole wa maneno. Akauliza, "Kwenu kuko mutu anatoka safari?"

"Ni miye, mama. Natoka Makka."

"Ulichomwa sindano?"

Nikampa karata. Aliitazama, akanirudishia.

"Siulize karata. Nauliza mukono."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na watu wengi, lakini hakuna tusi lililonifikia kama maneno yale. Nikasema, "Hapana, mama. Haukuchomwa."

Hakunifokea. Alitupatia dawa za kumeza, mimi na wote wa nyumbani, ili ugonjwa usiendelee kutembea. Nilimuuliza kama ni mimi niliyemletea Zaina ugonjwa huo. Akasema hakuna awezaye kujua kwa hakika. Nimeishi na jibu hilo mpaka leo, na halijanipa usingizi.

Zaina hakufa, namshukuru Mungu. Alipofumbua macho akatutambua, nilipiga magoti kitandani kwake nikamweleza yote, karata, muhuri, kicheko chetu, nikamwomba msamaha. Aliniangalia midomo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, "Yaya, sema kwa nguvu! Mbona nyiye wote munanyamaza?"

Chumba kizima kilikuwa kinalia.

Hakusikia tena. Baadaye nilimwandikia yale maneno kwenye daftari. Aliyasoma mara mbili, akanipiga kofi la begani, halafu akaenda kunipakulia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Alinisamehe, najua. Ameolewa, amezaa, anatutania kwa mikono. Ila tangu siku ile hajaimba. Hata leo nikipita mahali mtu anafua, hujikuta nimesimama, nasubiri.

Wewe sasa pasipoti yako iko tayari, na furaha yako naiona. Nenda kachomwe mapema, wiki mbili hivi kabla ya kuondoka, ili mwili upate muda wa kujikinga. Karata yako iseme kilichotokea kweli mkononi mwako. Ukirudi, wewe au wa nyumbani akishikwa na homa, kichwa na shingo ngumu, usingoje hata saa moja. Kimbilia hospitali, na useme ulikotoka. Ukiogopa sindano, niite. Nitakuja nikushike huo mkono.

Mungu akufikishe salama, apokee hija yako, akurudishe kwetu na afya, na wote watakaokukumbatia langoni wabaki wazima.