Kanisa la Mawe na Picha ya Doha

Miaka niliyokuwa muuguzi Doha, Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, na misa yetu kubwa ilikuwa Ijumaa. Nilizoea upesi. Asubuhi mimi na binamu yangu, mlinzi wa hoteli, tulitoka Al Mansoura, mtaa tulioishi, hadi kanisani, upande wa Abu Hamour. Kwa nje jengo halikuwa na msalaba wala kengele, maana ndivyo lilivyoruhusiwa kujengwa; msalaba ulikuwa ndani, pamoja na Wafilipino, Wahindi, Waganda na ubaridi mtamu wa AC. Nililipenda kanisa lile, nisidanganye.

Kwetu, katika mji mkavu wa kaskazini mwa Kenya, tuna kanisa la mawe. Husemwa lilijengwa na wamisionari. Wamisionari walichora tu. Waliosomba maji kwa punda ni akina mama yangu, wasichana wakati huo, na kila ukoo ulileta mawe ya malishoni kwake, ndiyo maana ukuta una mabaka: huku meusi, kule mekundu, na juu kabisa, ya kijivu. Mama alifungia ndoa mle, na alikwisha kutuambia kwamba jeneza lake nalo litokee mle.

Basi binamu yangu, kwa kupenda kuringa, akatuma picha ya kanisa la Doha kwenye WhatsApp ya parokia yetu. Haukupita muda, mwenyekiti wa parokia akaturushia ramani ya kanisa jipya: jumba pana la rangi ya maziwa, bila msalaba, bila mnara wa kengele. La zamani livunjwe kupisha jipya. Jioni hiyo mama alinipigia.

"Mwanangu, sasa mtanitolea wapi?"

Mimi si mtu wa kumeza hasira. Nilimpigia mwenyekiti hata kabla sijavua sare.

"Mwenyekiti, msalaba uko wapi?"

"Binti yetu, si ndio mtindo wa huko? Tuliona kwa picha."

Nilicheka mpaka nikasahau nusu ya maneno niliyomwandalia. Nikamweleza kwamba huku sisi ni wageni, tunafuata sheria ya mwenyeji. "Lakini nyinyi huko, nani amewakataza?"

"Hakuna."

"Basi jueni, tangu nifike huku sijasikia kengele ya kanisa hata mara moja. Naitamani."

Alisema atalifikiria. Sikumwamini.

Ijumaa iliyofuata binamu yangu, ambaye aibu ilikuwa imemkaa vizuri, aliwakusanya watu wa kwetu baada ya misa, nje kwenye kivuli cha ukuta, kila mtu na kikombe chake cha karak, chai nzito ya maziwa na iliki. Akafungua simu, kila mmoja akarekodi ujumbe kwa mwenyekiti. Hakuna aliyehutubia. Dereva mmoja alisema, "Yale meusi karibu na mlango ni yetu, tafadhali." Dada mmoja anayelea watoto wa watu kule Al Thumama alisema bibi yake alikufa akiyasifia mekundu ya dirishani. Mimi nilimkumbusha mwenyekiti kwamba ya kijivu, juu kabisa, ni ya ukoo wake mwenyewe, na nikamuuliza akishayabomoa atayapeleka wapi.

Jibu lilichukua muda, na nilikonda kulingoja. Mwishowe kamati ya parokia ikakubaliana: kanisa la mawe libaki na liezekwe mabati mapya, na ukumbi mkubwa ujengwe nyuma yake. Binamu yangu alitaka kutuma picha nyingine ya kushukuru. Nilimnyang'anya simu.

Jumapili moja nikiwa zamuni, simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa mama, nikapokea. Alikuwa ameinyanyua simu juu, na kengele ya kanisa la mawe ilikuwa inalia. Nilisimama pale kwenye korido na trei ya dawa mkononi mpaka ikanyamaza.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Rudi kazini. Sasa sina haraka ya kufa."