Dawa ya Kisima

Watu hudhani ofisa mazingira husafisha. Hapana, anayesafisha ni mwenye koleo. Kazi yangu kisiwani Mafia ilikuwa kuchagua namna ya kusafisha, na kwa kazi hiyo nilikuwa na jedwali.

Jedwali lilinijia baada ya taarifa ya karakana moja iliyoachwa, katika kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Bweni. Mafundi wake walikuwa wamefukia mapipa ya oili chafu na dizeli, mapipa yakala kutu, mafuta yakaanza kusafiri mchangani. Jirani kabisa na hapo palikuwa na kisima cha mama mmoja mjane, aliyekaa na binti yake mjamzito. Majibu ya vipimo yalipotoka Dar es Salaam nilikwenda mwenyewe kumwomba wasinywe maji yale mpaka tupate ufumbuzi. Alikubali bila maneno mengi, akawa anakwenda kuchota mbali, kule mashambani.

Ofisini tulikuwa na njia nne: kuchimba udongo wote na kuuvusha bara, kuufunika kwa saruji, kuuchanganya na samadi ili vijidudu viyatafune mafuta, au kuweka uzio na kungoja miaka. Kila njia niliipa alama. Wiki nzima nilibishana na mhandisi wa maji kama samadi ipate tatu au nne, na nilipanda hasira kweli kweli. Wakati huo wote yule mama alikuwa anabeba ndoo kichwani, lakini jedwali langu halikuwa na safu ya ndoo.

Samadi ikashinda. Ikabaki kuwaambia wanakijiji, na hapo ndipo ufundi wangu wa lugha ulipojitokeza. Wenzangu walizoea kusema "njia ya usafishaji". Mimi, mtu wa bara niliyejiona nimekishika Kiswahili cha pwani kwa kuwa sikuwahi kukosea shikamoo, niliona maneno hayo yamepooza. Nikasimama mkutanoni, nikatangaza, "Ndugu zangu, dawa ya kisima imepatikana."

Walipiga makofi. Nilimaanisha kwamba kamati imepitisha samadi. Samadi yenyewe ilikuwa bado iko kwa ng'ombe.

Tangu siku hiyo hata vijana wa bodaboda pale mjini Kilindoni wakawa wananiita Bwana Dawa. Kichwa kikanivimba. Nikafikia kulizoea jina, na simu ikipigwa na mtu nisiyemjua nilijitambulisha hivyo mwenyewe.

Wiki mbili baadaye nilirudi kijijini kupima eneo la kuchanganyia samadi. Jua lilikuwa kali, na koo limenikauka kwa vumbi la barabara. Nikabisha hodi kwa yule mama, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Bwana Dawa," akasema, huku akicheka.

Binti yake akaniletea kikombe cha maji kwa mikono miwili. Nilipokifikisha mdomoni nikaisikia harufu ya dizeli. Ilikuwa kidogo sana, kama ya mkono wa fundi aliyekwisha kunawa.

"Mama, maji haya ya wapi?"

"Ya papa hapa. Si mlikwisha kutia dawa? Siku ya mkutano mimi nilikuwa shamba, nikasikia dawa imepatikana, nikajua mmekuja kuitia nyuma yangu."

Dawa ya kisima, pale kijijini, ni ile wanayotia watu wa afya. Ikishatiwa, watu wanangoja kidogo, kisha wanachota. Kila aliyenipigia makofi alilijua hilo. Aliyekuwa halijui ni mimi peke yangu, na ndimi niliyekuwa nahutubia.

"Hatujatia kitu, mama," nikasema. "Dawa niliyoisema mimi ni mpango. Iko kwenye karatasi."

Akakitazama kisima, kisha akalitazama tumbo la binti yake.

"Sasa wiki mbili hizi sisi tunakunywa nini?"

Safari hii sikutafuta neno la kupamba. Nilitamani anitukane, walau nipate cha kujitetea, lakini alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Aibu niliyoisikia sijaisikia tena.

"Mafuta, mama," nikamwambia. "Na aliyewanywesha ni mimi."

Binti akakaa kizingitini, mikono tumboni, akaanza kulia. Mama akanipokea kile kikombe, akayamwaga maji yake nje.